Sahani ya Kumi na Nne

Mchezaji anayecheza saa tisa anakula saa tano. Si saa sita, wala si saa saba akiwa ameshavaa njumu. Chakula kinataka muda wa kushuka, na mguu haukimbii vizuri kama tumbo bado liko kazini. Hayo niliyajua miaka tisa kabla Kui hajaja na digrii yake ya lishe, na nilimwambia hivyo siku ya kwanza. Akacheka. Tukapatana.

Mimi ni Peres. Nilikuwa mpishi wa Chuma FC, na pale klabuni waliniita Mama Ivyne, kwa jina la binti yangu. Vijana wao walinifupisha nikawa mathe. Klabu ilikuwa imepanga nyumba ya zamani kule Woodley, Nairobi, yenye ua wa kayaba na jikoni kubwa nyuma, na jikoni hiyo ilikuwa na dirisha la kupitishia vyakula hadi chumba cha kulia. Siku ya mechi nilipika wali mweupe na kuku wa kuchemsha, chumvi kidogo, mafuta haba. Maharagwe hapana, kabichi hapana, chai ya maziwa hapana. Ugali waliulilia kama watoto, nao waliupata jioni mechi ikiisha, sio kabla.

Sahani zetu zilikuwa za bati, nyeupe zenye ukingo wa buluu. Nilizinunua River Road, na kabla sijarudi nazo nikazipandisha ghorofani kwa fundi wa mabango, akaandika nambari chini ya kila moja kwa rangi nyekundu. Kila mchezaji na sahani ya nambari ya jezi yake. Wazo hilo lilikuwa la kocha Muchiri, mzee wa Dagoretti aliyecheza mpira enzi za viatu vizito, na ambaye hakuamini neno la mchezaji yeyote asubuhi ya mechi.

"Mdomo utanidanganya, Mama Ivyne," alikuwa akiniambia. "Sahani haiwezi."

Basi tulikuwa tukisoma sahani. Vijana wakimaliza kula, kila mmoja aliirudisha yake mwenyewe dirishani, na mimi na kocha tulizitazama moja moja kabla sijazitia majini. Aliyeacha wali anaogopa. Aliyeacha nyama jino linamuuma au ana hasira na mtu. Aliyeacha vyote ni mgonjwa, na mgonjwa hapandi basi. Kocha akiwa na shughuli, nilizisoma peke yangu na kumpelekea habari. Aliniamini. Najua aliniamini kwa sababu hakuwahi kurudi nyuma yangu kukagua.

Sasa Lenox. Lenox alikuwa nambari kumi na nne, mshambuliaji wa pembeni, kijana wa Mbale, kule magharibi karibu kabisa na kwetu. Nilimpenda kupita wengine na sioni aibu kusema. Akiwa mzima alitafuna kuku hadi mfupa ukawa unga, paka wa Woodley wakamchukia. Lakini akiwa hana hamu ya kula alikuwa na ujanja wake: aliusukuma wali wote upande mmoja wa sahani, akaibandua ngozi ya kuku taratibu, akaitandaza juu ya wali kama mtu anayemfunika mwenzake shuka. Alidhani hivyo wali hauonekani. Mimi nilikuwa nikimcheka na kumfukuza arudi mezani amalize.

Jumamosi ile alikuja dirishani wa mwisho. Kocha alikuwa sebuleni na wachezaji wengine akichorachora ubaoni. Sahani ilikuwa imejaa, na ngozi ile juu.

"Mathe, leo haishuki," akasema kwa sauti ya chini. "Kifua kimenibana tu kidogo. Please, usiambie coach. Kuna scout wa timu kubwa amekuja kunicheki leo, wacha nicheze hii moja tu."

Nilimtazama usoni. Akanitolea lile tabasamu lake. Nami, mjinga mimi, nikaichukua sahani, nikaisukumia takatakani, nikafunika na gazeti. Kocha alipochungulia akauliza, "Wote?"

"Wote wamemaliza," nikasema.

Dakika ya sitini na moja Lenox alianguka katikati ya uwanja bila kuguswa na mtu. Nilikuwa jikoni nachambua maharagwe ya jioni, redio iko juu ya friji, na mtangazaji akanyamaza ghafla. Lenox hakuamka tena.

Mwanzoni walisema ni chakula. Watu wakaja kuchukua sufuria zangu na mabaki, na kwa siku tano nilitazamwa kama mchawi. Halafu daktari akasema ni moyo, moyo uliokuwa mkubwa tangu kuzaliwa, na jikoni haina lawama. Ndipo wakaanza kunipa pole. Kocha mwenyewe alinishika mikono yote miwili akaniomba msamaha kwa vile nilivyosingiziwa. Niliupokea huo msamaha. Kati ya yote niliyofanya, hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Nikaifunga sahani ya kumi na nne kwenye gazeti, nikaiweka juu ya kabati.

Ndio wakati huo klabu ilipomleta Kui. Kui ni msichana wa Kinoo, mwembamba, mkali kuhusu mafuta. Wali ukaondoka, yakaja tambi na viazi vya kuchemsha na kuku asiye na ngozi, na saa moja kabla ya mechi kila mtu ndizi moja na maji. Wachezaji wote wakapimwa moyo. Sikubishana na chochote. Kusema kweli nilifurahi kutopika wali tena.

Mechi ya kwanza baada ya msiba nilipakua sahani ishirini za tambi. Zikarudi ishirini. Nikazisoma, nikamwambia kocha ukweli, nikageuka kufungua mfereji. Nilipogeuka tena kuchukua zilizobaki, kulikuwa na moja zaidi dirishani.

Ilikuwa imejaa wali, na mimi sikuwa nimepika wali. Ulikuwa umesukumwa upande mmoja, na juu yake ngozi ya kuku imetandazwa vizuri hadi pembeni. Sahani zingine zote zilikuwa zimepoa, lakini ile ilikuwa inatoa mvuke. Nilitazama juu ya kabati. Gazeti lilikuwa pale pale, limebonyea katikati, tupu.

Niliogopa. Nikaita, "Nani ameweka hii?" Chumba cha kulia kilikuwa kitupu, viti vimepangwa, na nje nikasikia vijana wanacheka kwenye basi. Basi nikafanya nilichokizoea. Nikausukumia wali takatakani na kufunika na gazeti, nikaosha sahani, nikairudisha juu ya kabati. Mpishi akianza kusema chakula kinajipika chenyewe, kesho atakuwa nyumbani.

Mechi ya pili ikaja tena. Na ya tatu. Nilijaribu kuifungia kabatini kwa kufuli, ikaja. Nilijaribu kukaa nikilitazama dirisha bila kupepesa, na haikuja hadi Kui aliponiita nikaangalia kando kidogo tu. Ikawa pale, mvuke unapanda. Nilienda kanisani Riruta nikaombewa bila kusema naombewa nini. Mechi ya nne ikaja. Kila mara niliisukumia takatakani, na kila mara mkono wangu ulitembea vile vile ulivyotembea siku ile, kwa haraka, kama wa mwizi.

Januari wakamsajili Muasya. Alitoka upande wa Machakos, mpole, mrefu, na mwenye kasi ambayo iliwafanya mabeki wacheke kwa kukata tamaa. Alikuja baada ya wenzake kupimwa. Yeye walimtazama magoti tu, wakatia sahihi. Jezi iliyobaki ilikuwa moja.

"Kocha, usimpe hiyo," nilimwambia Muchiri.

"Jezi ni nguo, Mama Ivyne. Nguo haiwezi kukaa bila mtu milele." Aliniangalia kwa huruma, akadhani bado naomboleza. "Na umtolee sahani yake."

Nikaishusha. Muasya akaila tambi yake yote, akarudisha sahani inang'aa, akasema, "Asante mathe, chakula imeweza." Siku hiyo hakuna sahani nyingine iliyokuja. Wala mechi iliyofuata. Nikaanza kulala. Nikajiambia marehemu alikuwa anataka tu sahani yake itumike, na sasa imepata mtu mpya, mambo yamekwisha. Mechi sita nilipumua. Nilimpenda Muasya kwa hilo, na kila sahani yake safi nilimsifu mbele ya wenzake: tazameni huyu, mtoto wa Ukambani anavyokula. Alikuwa akiinamisha kichwa kwa aibu.

Mechi ya saba ilikuwa ya nusu fainali. Saa tano wakala. Muasya alileta sahani wa mwisho, safi kabisa, imepanguswa hata mchuzi. Nilimwona uso una jasho, lakini Februari Nairobi nani hana jasho? Nikaiosha mwenyewe, nikaikausha kwa kitambaa, nikaipanga kati ya kumi na tatu na kumi na tano. Nje kocha alipiga kelele kwamba basi linaondoka baada ya dakika kumi.

Nilipoinua macho, sahani ilikuwa dirishani.

Wali. Ngozi ya kuku imefunika. Mvuke. Nikatazama mlundo wa sahani: kumi na tatu, kumi na tano. Na safari hii kulikuwa na kitu ambacho hakikuwapo zile mara zingine. Ile ngozi ilikuwa inapanda na kushuka. Kidogo tu, kama kuna mtu anayepumua chini yake kwa shida, na kila ilipopanda ilikawia zaidi kushuka.

Mkono wangu ulikwenda takatakani wenyewe. Nawaambia ukweli. Nilikuwa nimeshainua gazeti. Nikajua kabisa nikiisukuma hii nitakaa tena karibu na redio, na mtangazaji atanyamaza tena. Na nikajua nikiipeleka nje itabidi niseme lile la kwanza, mbele ya watu wote, na nitakuwa si mpishi wa mtu yeyote tena. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Mimi nilikuwa nimelia miezi yote hiyo na bado nataka kuficha.

Nikaishika sahani kwa mikono yote miwili. Ilikuwa moto kama sufuria iliyotoka jikoni sasa hivi, na sikuiachilia. Nikatoka nayo mlango wa nyuma, nikapita kando ya tanki la maji, hadi kwenye basi. Kocha alikuwa mlangoni na karatasi yake.

"Soma," nikamwambia.

Akaitazama. Akanitazama. "Ni safi. Nisome nini?"

Nikaangalia. Ilikuwa safi kweli, kavu, kama nilivyoiacha kwenye mlundo. Hakuna wali wala ngozi. Vijana walikuwa wamejaa madirishani wananikodolea macho, na mmoja akasema, "Mathe ako sawa kweli?" Ningeweza kugeuka hapo. Ningeweza kucheka na kusema nimechanganyikiwa na jua. Lakini viganja vyangu vilikuwa vinawaka.

"Kocha, siku ile nilikuambia wote wamemaliza," nikasema. "Lenox hakula. Hata punje. Aliniambia kifua kimembana, akaniomba nisikuambie, nami nikamwaga chakula chake nikakudanganya. Mimi ndiye niliyempandisha basi."

Kocha Muchiri alikunja karatasi yake mara mbili, akaitia mfukoni. Sijawahi kuuona uso wa mtu ukizeeka haraka namna ile. Aliita tu, bila kuondoa macho kwangu, "Muasya. Shuka."

Muasya akashuka.

"Umekula?"

"Nimemaliza yote, coach. Mathe ni shahidi."

"Sijakuuliza sahani. Nakuuliza wewe."

Kijana akatazama chini. "Niko fit, coach. Ni semi. Usinitoe."

Nikamsogelea. "Mwanangu, mwenzako alisimama hapo hapo ulipo na mimi nikamfichia. Usinifanyie hivyo mara ya pili. Kifua kikoje?"

Akakaa chini kwenye ngazi ya basi.

"Waliniambia siku ya kwanza, mathe husoma sahani," akasema. "Ukiacha chakula, huchezi. So nilikuwa namaliza yote, halafu naenda kutapika huko nyuma ya tanki. Hii ni mechi ya nne. Nikikimbia, kifua inashikana, naona giza. Ikipita niko sawa."

Ninyi mnaosoma haya mtafikiri jambo la kutisha ni ule wali. Mimi lililonitisha ni hilo. Tulikuwa tumewafundisha kumaliza. Zile sahani safi nilizozisifu, sita mfululizo, nusu zilikuwa za uongo, na mimi nilizisoma kwa furaha nikaenda kulala.

Kui alimpeleka hospitali kwa teksi, nami nikaingia humo bila kualikwa. Tukiwa kwenye foleni akaniona mikono. "Mama Ivyne, umeungua na nini?" Viganja vyote viwili vilikuwa na malengelenge, mviringo mzuri wa ukingo wa sahani. Nikamwambia ni sufuria. Huo ndio uongo wa mwisho niliousema kuhusu jambo hili.

Moyo wa Muasya ulikuwa na kasoro ileile. Daktari alituonyesha kwenye picha, akasema kwa utulivu, kama anayetuelekeza njia, kwamba kijana huyu hangefika mwisho wa mechi. Atawekewa kifaa cha kuulinda moyo, ataishi, atafanya kazi, ataoa. Mpira hapana. Muasya alipolisikia hilo neno la mwisho aligeukia ukuta, na nilipomgusa bega akalitoa.

"Ungeniacha nicheze hiyo moja," akasema.

Kocha alinipigia simu Jumapili jioni. Hakunipigia kelele. Alisema tu kwamba hawezi tena kula kutoka mikononi mwangu, kwa hiyo Jumatatu nisije. Nikamwambia ni haki. Akaniuliza kama nitamwambia mama yake Lenox mwenyewe au amwambie yeye. Nikasema nitakwenda. Nikaenda Mbale, nikamwambia akiwa amekaa na mimi nimesimama. Yaliyopita kati yetu siku hiyo ni yake na yangu. Nilirudi Nairobi nikiwa hai, na hilo lilikuwa zaidi ya nilivyostahili.

Sasa napika Riruta, kibanda cha mabati karibu na mahali mafundi wa magari wanapofanyia kazi. Nauza mchana tu. Sahani ya kumi na nne niliondoka nayo, hakuna aliyenizuia. Kwa wiki kadhaa niliiacha mezani kila Jumamosi saa tano, nikageuka makusudi, nikarudi kutazama. Tupu. Nilikuwa nimejiandaa kwa hofu, sikuwa nimejiandaa kumkosa Lenox.

Juzi, Jumamosi, saa tano na nusu, Muasya akatokea mlangoni. Amekonda kidogo, na chini ya shati upande wa kushoto kuna kivimbe pale walipomwekea kile kifaa. Hakunisalimia vizuri. Akaketi, akatazama nje, akasema amepata kazi ya kufundisha watoto mpira kwenye shule fulani, akimbie hapana, apige filimbi tu. Akasema bado ana hasira na mimi. Nikasema naijua, akae nayo tu, mimi niko hapa.

"Uko na nini?" akauliza.

"Wali na kuku."

Sahani zote zilikuwa na watu. Iliyobaki ilikuwa ile moja. Nikampakulia, nikamwekea mbele. Akaiinua kidogo upande mmoja akachungulia chini, akaiona nambari nyekundu. Akaanza kula polepole, kijiko kwa kijiko, na mimi nikasimama nimeshika mwiko kama askari.

Katikati ya wali akaacha. Akaisukuma sahani mbele, wali umetawanyika hovyo, ngozi ya kuku imeanguka kando ilipoangukia.

"Nimetosheka, mathe," akasema, na kwa mara ya kwanza akanitazama machoni. "Sijamaliza."

"Nimeona," nikasema.

Alipoondoka sikuiondoa ile sahani. Nilivuta kiti nikakaa nayo, wateja wakiingia na kutoka, mmoja akiniuliza kama niko mzima. Mvuke ulipanda kidogo, ukapungua, ukaisha. Niliweka kiganja juu ya wali. Ulikuwa umepoa, kama chakula cha mtu yeyote.